Mwaka wa Akina Maria

Katekista alinipa brashi. Hakunipa mkononi, aliiweka juu ya kopo la rangi nyeusi, akalisukuma kopo kwa mguu mpaka likagusa kiatu changu, kama mtu anayemsogezea mgeni kigoda. Msalaba ulikuwa umelazwa juu ya mabenchi mawili ya kanisani, mbao mpya za mkaratusi zikinukia bado. Alikuwa ameshaandika MARIA kwa herufi kubwa zilizoinama kidogo, na chini kabisa tarehe ya juzi. Kati ya jina na tarehe aliacha nafasi ya kiganja kimoja. “Wanasema ulikaa naye nyumba moja, mama,” alisema. “Jina lake la pili nani? Nimeuliza Nyabiyonza nzima mpaka nimechoka. Mtu anakaa na watu miaka yote hii, halafu hakuna anayejua aandike nini.” Nilimwomba anipe muda kidogo nikumbuke. Nilimdanganya. Hakukuwa na cha kukumbuka. Jina lile nimekaa nalo mdomoni kwa miaka thelathini hivi, na sijawahi kulitamka mbele ya mtu. Nimelitamka mbele ya ukuta, mbele ya ziwa, mara moja mbele ya kioo cha basi. Ni jina zuri, lina silabi nyingi, na linahitaji mtu avute pumzi kabla ya kulianza.

Habari za kwetu Muleba nitaziacha, na za jinsi nilivyoingia kwenye uuguzi pia. Inatosha kusema nilikuwa na miaka ishirini, cheti cha mwaka mmoja, magauni mawili ya sare, na barua ya kunipeleka zahanati ya Nyabiyonza ambako sikumjua hata mbuzi. Nilipangiwa chumba kwa Mama Paskazia, mjane mwenye shamba kubwa la migomba na kahawa, mwenye ulimi ambao haukupumzika hata akiwa na chakula kinywani. Siku ya kwanza nilimsalimu shikamoo, akaitika, kisha akaninusa waziwazi. “Nyegera waitu, karibu,” alisema. “Ninyi wa Muleba mnakula samaki mpaka mnanuka ziwa. Hapa utakula ndizi, harufu itatoka yenyewe.” Kihaya changu kiliwachekesha Wanyambo wa pale, walinielewa, lakini kila nilichosema walikirudia kwa lafudhi yangu, wakacheka. Nikajifunza kunyamaza. Nikirudi kazini nilikaa chumbani, kitanda cha kamba, meza moja, dirisha la ubao lililofunguka nusu, nikasikiliza nyumba ya wengine ikiishi maisha yake. Upweke wa ujana una aibu ndani yake. Sasa niko peke yangu siku nyingi na sioni haya, lakini mwaka ule nilikuwa nikisikia hatua za mtu zikikaribia mlango wangu, najipangusa uso na kushika kitabu, ili akiingia asidhani nilikuwa namngoja.

Nyuma ya ukuta wangu palikuwa na ghala la kahawa, na ndani ya ghala, kati ya magunia, alilala mwanamke. Alikuja msimu ule wa kuchuma, pamoja na wengi waliovuka mto kukimbia vita ya ng’ambo. Wengine walikwenda kambini, upande ambao sasa ni wilaya ya Kyerwa; wengine walipenya vijijini, wakafanya vibarua kwa chakula. Huyu alijiita Maria, na Mama Paskazia, aliyekuwa tayari na dada na shangazi wenye jina hilo, alimwita Maria wa Nyuma. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mrefu, asiye na mtoto wala mzigo. Hakucheka wala hakununa. Tulikula pamoja jikoni, ndizi na maharage yaliyopikwa chungu kimoja na kufunikwa kwa majani ya mgomba, na yeye siku zote alikaa mahali ambapo aliona milango yote miwili. Nikikaa kwenye nafasi yake kwa bahati mbaya, alisimama tu na sahani yake mpaka nihame. “Mwache,” Mama Paskazia aliniambia. “Kila mtu na kiti chake. Marehemu mume wangu alikuwa hali mpaka aone paka.”

Zahanatini kazi yangu kubwa ilikuwa daftari. Mganga wetu, Bwana Deo, mtu mwema mwenye haraka, alitaka kila mgonjwa aandikwe kabla ya kuguswa: jina, umri, alikotoka, anachoumwa. Baada ya kuandika nilisimama mlangoni nikaita jina kwa sauti, na mwenye jina akaingia. Watu wa Nyabiyonza waliitika kutoka mbali wakiwa wamelala kwenye majani. Lakini wale waliovuka mto, nikiwauliza jina, walitazama kwanza kalamu yangu. Kisha wanawake wakasema Maria, na wanaume wakasema Yohana. Nikiita Maria, wanawake wanne walitazamana na hakuna aliyesimama. Kitandani hawakulala hata wakiwa na homa ya kutetemesha. Walimeza vidonge wima, macho nje. “Koku, leo umeniandikia Maria tisa,” Bwana Deo alinilalamikia jioni moja. “Maria mmoja nimemchoma sindano mara mbili, na Maria mwingine ameondoka bila. Waambie Mama yetu wa mbinguni alikuwa mmoja.” Tulicheka. Wiki iliyofuata mtoto wa mmoja wa Maria hao alikufa kwa surua nje ya ukuta wetu, hatua chache kutoka kwenye dawa, kwa sababu mama yake alishindwa kuvuka kizingiti. Hatukucheka tena, lakini hatukuelewa pia. Bwana Deo alisema ni ushirikina. Mimi niliona ni ushamba, mimi niliyekuwa nanuka ziwa.

Halafu hofu ile ikahamia kwa wenyeji. Nilisikia ikihama. Ilikuwa mchana, nikiwa chumbani, na wanawake walikuwa wanamenya ndizi chini ya dirisha langu. Mmoja aliuliza kama ni kweli huko ng’ambo watu waliuawa wakiwa hospitalini. Mwingine akasema amesikia hivyo kwa kibarua wake: wagonjwa na wauguzi wao, ndani, vitandani. Nikasikia maganda yakianguka. “Basi mtu akiumwa aende wapi?” akauliza yule wa kwanza. Mama Paskazia akajibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua. “Mkwe wangu atajifungulia hapahapa. Jeneroza, umesikia? Sitaki kukulaza kwenye nyumba ambayo wauaji wanajua wataikuta imejaa watu.” Jeneroza, mke wa mwanawe, mimba yake ya kwanza ikiwa imeanza kuonekana, alisema ndiyo mama. Hakuna risasi hata moja iliyolia Nyabiyonza mwaka ule. Zahanati yetu ilikuwa nzima, bati lake, kabati lake, vitanda vyake sita vilivyotandikwa. Bado akina mama wajawazito walipungua mlangoni wiki baada ya wiki, kama vile mtu alikuwa amekuja kuivunja tukiwa tumelala.

Nilimjua Maria wa Nyuma kwa mikono yake. Jikoni palikuwa na beseni, na kabla ya kumenya ndizi kila mtu alichovya vidole. Yeye alianza kwenye kucha, akapanda vidole kimoja kimoja, kiganja, kifundo, mpaka viwiko. Kisha akainua mikono yote miwili mbele ya uso wake, vidole juu, akasubiri maji yatiririke kuelekea kwenye viwiko na kudondoka chini. Nilikuwa nimefundishwa hivyo chuoni, na nilikuwa nimewaona wakunga wawili watatu tu wakifanya hivyo bila kufikiri. Aliniona nikimtazama. Akashusha mikono haraka na kuifuta kwenye kitenge. Sikusema kitu siku ile, wala wiki ile. Niliilinda siri yake kama mtu anayelinda moto kwa viganja, na ukweli ni kwamba ulinipasha joto mimi. Usiku nilimsikia akikohoa kati ya magunia, nikawaza: pale nyuma ya ukuta kuna mtu wa kazi yangu, anayejua ninachokiogopa. Nilitamani tuzungumze habari za kondo la nyuma na damu isiyokata. Nilikuwa sijamzalisha mtu peke yangu hata mara moja, na niliogopa siku hiyo kuliko kitu chochote.

Kwa hiyo nilimwambia Bwana Deo. Nimejiambia kwa miaka mingi kwamba nilifanya kwa ajili ya wajawazito, kwa ajili yake pia, apate mshahara na kitanda. Yote hayo ni kweli, na chini yake kuna kweli nyingine: nilitaka mwenzangu. Bwana Deo alifurahi kupita kiasi. Jumapili baada ya misa alikuja nyumbani amevaa koti, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, na kwapani alikuwa na daftari jipya. Mama Paskazia aliwakalisha barazani. “Tumesikia tuna bahati,” Bwana Deo alimwambia Maria. “Serikali ikikubali, dada yangu, utafanya kazi na sisi.” Akafungua daftari juu ya goti lake. “Jina kamili. Na kituo ulichokuwa unafanya kazi.” Maria alinitazama mimi. Hakukuwa na hasira katika macho yale. Alikuwa anapima umbali tu, kama mtu anayetazama mto. “Mimi ni kibarua,” alisema. Mwenyekiti akacheka kwa upole, akasema hapa hakuna wa kumdhuru mtu, ni kuandika tu. “Basi niwaletee wageni kahawa,” akasema Maria. Akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, zile tunazowapa wageni kabla ya neno lolote, akakiweka mbele yao kwa mikono miwili, akapiga goti, akarudi ndani. Wageni walitafuna. Walisifu kahawa. Walikuwa wamefika katikati ya kikapu Mama Paskazia alipokwenda kumwita, akakuta mlango wa nyuma umeachwa wazi na ghala halina mtu.

Baada ya hapo nilikula peke yangu, kwa sababu Mama Paskazia alianza kuniletea sahani chumbani. Hakunigombeza. Aliiweka mezani na kusema, “Chakula chako, Nesi,” na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Nyuma ya ukuta hapakuwa tena na kikohozi. Niliuliza sokoni, mtu mmoja akaniambia amekwenda Kituntu, mwingine akasema amerudi ng’ambo. Kahawa ilikauka ikauzwa. Mvua zikaanza, senene wakaja, watoto wakakimbia na chupa kuwakusanya, na mimi niliandika akina Maria wachache zaidi kila siku.

Uchungu wa Jeneroza ulianza asubuhi ya mvua kubwa. Bwana Deo alikuwa Bukoba kufuata dawa, na barabara ya kwenda hospitali ilikuwa imekatwa na maji darajani. Wanaume waliojaribu na machela walirudi wakiwa wameloa mpaka kifuani. Nilikimbia kutoka zahanati na daftari la uzazi limefungwa kwenye nailoni, maana sheria ya Bwana Deo ilikuwa kila uzazi uandikwe hapohapo. Jeneroza alikuwa chumbani kwa mama mkwe wake, juu ya mkeka uliotandikwa majani makavu. Nilipompima, mkono wangu ulikuta kitu laini pale nilipotegemea kichwa. Nikarudia. Matako. Nilijua katika vitabu mtoto wa namna hiyo hufa vipi: mwili hutoka, kichwa hubaki. Nilitoka barazani nikamkuta Mama Paskazia amesimama. “Sema,” alisema. Nikasema. Hakulia. Alinyoosha kidole ng’ambo ya bonde, kwenye vibanda vya vibarua wa shamba la mwalimu mstaafu. “Yuko kule. Kibanda cha mwisho. Nampelekea ndizi tangu siku ya pili.” Nilimwuliza kwa nini hakuniambia. “Uliniuliza?” alijibu. “Wewe ndiye uliyemfukuza. Nenda ukamrudishe.”

Nililikuta bonde limejaa maji hadi magotini. Alikuwa amekaa mlangoni akichagua maharage. Nilimwamkia, hakuitikia. “Dada Maria, Jeneroza anajifungua. Matako yametangulia. Mganga hayupo.” Aliendelea kutupa mawe madogo pembeni, moja, moja jingine. “Daftari liko wapi?” aliuliza. Nikasema liko nyumbani. Akaweka ungo chini. Njia nzima alitangulia yeye, na alichosema alikisema bila kugeuka, kwa hiyo nilikisikia katika mvua, vipande vipande, nikikimbia kumfuata.

“Walikuja mchana, saa ya chakula. Sisi wauguzi tulikuwa tunasaini daftari la zamu kila asubuhi, jina na saa. Walilikuta mezani. Hawakuhitaji kumwuliza mtu. Mmoja alisoma majina kama mwalimu darasani, na wenzangu waliitika. Mtu akiitwa jina lake kazini huitika, Koku. Ni mazoea. Aliyeitika alitolewa nje.”

“Na wewe?”

“Asubuhi ile nilikuta mama mlangoni, kichwa cha mtoto kinaonekana. Nikasema nitasaini nikimaliza.” Alivuka mfereji, akanishika mkono nivuke, akaniachia. “Nilijifunga khanga ya yule mama, nikakaa pembeni yake kama ndugu. Sikuwamo kwenye daftari, basi sikuwapo. Baadaye wakarudi kwa ajili ya waliokuwa vitandani. Sisi wawili na kichanga tulikuwa tumeshapita dirishani.”

Nyumbani aliingia jikoni kwanza. Alinawa kwenye beseni, kucha, vidole, viganja, mpaka viwiko, akainua mikono. Akaniangalia mpaka nami nikafanya vilevile, na Mama Paskazia, aliyesimama na kitambaa, akafanya vilevile bila kuambiwa. “Fungua mlango wa nyuma,” Maria alisema. “Daftari toa nje.” Nililiweka barazani juu ya kigoda. Ndani, alimwinua Jeneroza akachuchumaa, mgongo kwa mama mkwe wake. Nilinyoosha mikono kumpokea mtoto, akanipiga kofi jepesi la kifundoni. “Usivute. Mikono yako ikae mbali mpaka nikwambie.” Hilo ndilo somo gumu kuliko yote niliyopewa maishani, kukaa na mikono mitupu wakati mwili mdogo wa rangi ya buluu unashuka wenyewe polepole, nyonga, tumbo, mbavu, na mvua inapiga bati. Jeneroza alimtukana mumewe kwa Kinyambo kizuri sana. “Endelea,” Maria alimwambia, “na baba yake usimsahau.” Mama Paskazia akacheka na machozi yakamtoka. Kisha Maria akasema sasa, akaonyesha mahali vidole vyangu vipite, kwenye shavu la mtoto, na kichwa kikatoka kikiwa kimeinama kama mtu anayepita mlango mfupi. Alikuwa msichana. Alikaa kimya kwa muda ambao bado sijautoka. Maria alimsugua mgongo kwa kitenge, akampulizia usoni, na mtoto akalia.

Daftari tulilisahau. Nilipolikumbuka, nailoni ilikuwa imepeperushwa na upepo umesukuma mvua mpaka barazani. Kurasa zilikuwa zimevimba, na wino wa miezi yote ile umekuwa rangi ya maji ya kunawia. Bwana Deo aliporudi alinifokea mbele ya wagonjwa, na alikuwa na haki. Miezi michache baadaye nilipata barua ya uhamisho. Katika miezi hiyo Maria alirudi ghalani, na wajawazito wakawa wanakuja kwa mlango wa nyuma wa Mama Paskazia, wenyeji na waliovuka mto, Maria kwa Maria. Kwenye daftari jipya, pale palipoandikwa mzalishaji, niliandika jina langu. Bwana Deo akanisifu. Nilimwambia Maria naona haya. “Acha,” alisema. “Lako linaweza kukaa pale. Langu haliwezi.” Na asubuhi ya kuondoka kwangu, mzigo ukiwa tayari begani, alinisogelea sikioni akaniambia jina lake lote, mara moja. “Mtu mmoja alijue nikifa. Usiliandike. Likae mdomoni mwako.”

“Mama,” katekista alisema, “rangi itakauka.” Nikainama, nikachukua brashi, nikaikung’uta vizuri kwenye ukingo wa kopo, nikamrudishia. Nikamwambia ni Maria tu. “Tuache pengo hivyo? Watu watasema tumesahau.” Nikamwambia waache waseme. Alinitazama kwa huruma kidogo, kama mtu anayemtazama mzee aliyepoteza kumbukumbu, na vijana wakaubeba msalaba. Padre, katika wasifu wa marehemu, alisoma kwamba alikuwa mkulima mwenye bidii. Hakuna aliyeguna.

Baada ya kuzika tulipanga foleni kwenye ndoo ya bomba ili tunawe, tukale. Mbele yangu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, sura ya Jeneroza kabisa ila mabega mapana. Alikunja mikono ya gauni lake. Alianza kwenye kucha. Alipanda taratibu mpaka viwiko, foleni ikisimama, kisha akainua mikono mbele ya uso wake, akangoja. “Dada, unakwenda kula au unakwenda kupasua mtu?” kijana wa nyuma yangu akamtania, na watu wakacheka. “Kwetu ndivyo tunavyonawa,” alijibu bila kugeuka. “Bibi alitufundisha hivi. Sijui kwa nini.” Maji yalimdondoka viwikoni. Akaenda.

Zamu yangu ikafika. Nilinawa mpaka viwiko, nikainua mikono juu, maji yakaingia kwenye mikono ya gauni langu la msiba, ya baridi. Nyuma ya vidole vyangu hakuna aliyeweza kuona mdomo wangu. Nikavuta pumzi, nikalisema jina lake lote, silabi kwa silabi, kwa sauti ndogo kuliko ya bomba. Kisha nikashusha mikono, nikampisha kijana anawe.